Swali kwa Fundi: Injini ya silinda nne inayofanya kazi kwa tatu

SWALI: Kwako Fundi, shikamoo. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniachia pikipiki yake aina ya Honda CB750 ya mwaka 1975, yenye silinda nne na kabureta nne. Ilikaa miaka mitatu barazani kwetu hapa Malindi, hatua chache kutoka baharini, ikiwa imefunikwa turubai. Niliitia betri mpya, nikaongeza petroli mpya juu ya ile iliyokuwemo, nayo ikawaka, lakini tangu siku hiyo haijatulia. Nikirudisha choki inazima. Nikienda polepole mjini inatetemeka na kukosakosa, ila nikiwa barabara ya Gede nikavuta akseleta na ikapita mizunguko kama 3,000 kwa dakika, inakaa sawa na kukimbia vizuri. Moshi hautoki. Fundi mmoja alibadilisha plagi zote nne bila mafanikio, na sasa anasema pistoni zimekwisha na ni lazima injini yote ifunguliwe. Fedha anazotaka sinazo. Nifanyeje? (A.S., Malindi)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mola amrehemu mjomba wako. Nakuomba usiifungue injini hiyo kwa sasa, kwa sababu barua yako yenyewe inaitetea. Pistoni iliyokwisha haiponi pale unapovuta akseleta. Injini iliyochakaa ringi hutoa moshi wa samawati, hula oili, na hukosa nguvu zaidi kadiri inavyotakiwa kuvuta mzigo. Yako inaugua ikiwa taratibu na kupona ikikimbia, tena inapenda choki hata baada ya kupata moto. Choki kazi yake ni kuzuia hewa ili petroli izidi katika mchanganyiko, na injini iliyokwisha kupata moto ikaendelea kuihitaji ni injini yenye njaa ya petroli katika mwendo wa chini.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta kwanza ni silinda ipi inayougua. Hili ndilo ninalolihimiza kuliko yote katika ukurasa huu, kwa kuwa pikipiki ya silinda nne huweza kutembea kwa silinda tatu na mwenyewe asijue, na fundi asiyeuliza swali hilo hubadilisha vifaa vinne vizima ili kukipata kimoja kibovu. CB750 ina ekzosi nne zinazotoka kwenye injini kila moja peke yake, na hilo linakurahisishia kazi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, iwashe na uiache ingurume kwa muda wa dakika moja, kisha chovya kitambaa katika maji na udondoshe matone machache juu ya kila ekzosi, karibu na pale inapoingia kwenye injini. Kwenye ekzosi ya silinda inayochoma, tone litachemka na kutoweka papo hapo. Kwenye ile isiyochoma, tone litatambaa juu ya chuma na kuanguka chini kama lilivyokuja. Usitumie kidole, kwa sababu ekzosi nzima hukuachia lengelenge kabla hujaifikia mbovu.

Silinda huhesabiwa kuanzia mkono wa kushoto wa mtu aliyeketi juu ya pikipiki: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne upande wa kulia. Andika kwenye karatasi ni ipi iliyobaki baridi, kwa sababu namba hiyo itakuambia mlango wa kuingilia. Pikipiki hii ina koili mbili tu, yaani vifaa vinavyokuza umeme wa betri hadi uruke kwenye plagi, kwa silinda nne. Koili moja, pamoja na kontakti zake (swichi ndogo inayofunga na kufunguka ili koili itoe moto kwa wakati wake), hulisha silinda ya kwanza na ya nne, na koili ya pili hulisha zile mbili za katikati. Pistoni za pembeni hupanda pamoja, na za katikati hupanda pamoja, kwa hiyo koili inapotoa moto huutoa kwenye plagi zake zote mbili kwa wakati mmoja. Plagi moja huwasha petroli, na moto wa mwenzake hupotea katika silinda inayotoa moshi. Basi ukikuta ya kwanza na ya nne zote ni baridi, au ya pili na ya tatu zote ni baridi, anza na umeme, yaani koili, kontakti, kondensa na nyaya za upande huo. Ukikuta moja tu ni baridi na mwenzake anachoma vyema, basi shaka kubwa inahamia kwenye kabureta ya silinda hiyo, au plagi yake, au kofia yake ya plagi.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwapotosha hata mafundi wazoefu. Kwa kuwa plagi mbili za koili moja zimeunganishwa kama shanga katika uzi mmoja, ambapo umeme hushuka kwa plagi hii, hupita katika chuma cha injini, na kupanda kwa plagi ile, kofia iliyooza kwenye silinda ya pili huweza kuidhoofisha silinda ya tatu isiyo na kosa. Kwa hiyo kila unapokagua plagi ya silinda inayougua, kagua na ya mwenzake. Ondoa kofia kwa kuizungusha kutoka kwenye waya, nayo ni ya kuskrubu, kisha tazama ncha ya waya. Shaba safi ina rangi nyekundu inayong'aa, lakini hapa kwetu, kwa upepo wa kusi unaorusha chumvi nusu ya mwaka, mara nyingi utaikuta imefanya unga wa kijani. Kata nusu sentimita ya waya hadi uikute shaba inayong'aa, kisha urudishe kofia. Ukiwa na mita ya umeme, pima kofia yenyewe: nyingi za aina hii hutakiwa kuwa karibu na omu 5,000, na ikisoma mara tatu ya hapo, au isiposoma kitu, itupe.

Hata hivyo, kwa dalili ulizozitaja, nadhani ugonjwa wako uko kwenye kabureta, na mimi ningeanzia huko mara tu baada ya kujua namba ya silinda. Ndani ya kila kabureta kuna njia mbili kuu za petroli. Akseleta inapokuwa imefungwa au imefunguliwa kidogo, injini hunywa kupitia jeti ndogo, yaani kipande cha chuma chenye tundu la kupimia petroli, ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita. Ukivuta akseleta, sindano hupanda na jeti kubwa inachukua kazi. Pikipiki inayougua chini na kupona juu inakueleza kwamba jeti kubwa iko wazi na jeti ndogo imeziba. Nimewahi kuitoa jeti kama hiyo na kuielekeza kwenye jua la saa tatu asubuhi, katika kabureta iliyokaa na petroli mwaka mzima: badala ya nukta ya mwanga kulikuwa na giza tupu, na pembeni mwa tundu palikuwa na utando wa manjano unaonata, kama gundi inayotoka kwenye shina la mkorosho. Hiyo ndiyo petroli inavyofanya ikiachwa. Sehemu nyepesi hupaa, na nzito hubaki ikaganda mahali penye nafasi ndogo kuliko pote.

Ndiyo maana kosa la kwanza kulirekebisha ni ile petroli uliyoiongeza juu ya nyingine. Mwaga yote, ya tangi na ya mabakuli ya kabureta, mbali na jiko na mbali na mtu yeyote anayevuta sigara, na uinuse: petroli iliyochacha hunuka kama rangi ya zamani. Tazama ndani ya tangi kwa tochi. Ukiona kutu nyekundu, ioshe na uweke chujio jipya kwenye mpira wa petroli kabla ya kugusa kabureta, la sivyo utazisafisha Jumatatu na zitaziba tena Ijumaa.

Unapozitoa kabureta, zitoe zote nne zikiwa pamoja kwenye bamba lao, wala usizitenganishe bila sababu, kwa kuwa kuzirudisha zikae sawa ni kazi ngumu kuliko kuzisafisha. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa barabara kwenye skrubu za Kijapani. Zile za kawaida za madukani zina ncha yenye mteremko mwingine kidogo na hukwangua kichwa cha skrubu hadi kikawa duara. Pale penye skrubu ya hewa, kabla ya kuifungua, ifunge taratibu hadi ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike hesabu ya kila kabureta, kisha ndipo uitoe. Ondoa mipira na maboya kabla ya kutia dawa ya kusafishia. Jeti usizichokoe kwa waya wa chuma wala sindano ya cherehani, kwani tundu likitanuka kidogo tu kabureta hiyo itakunywesha petroli maisha yake yote. Chukua unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye waya mwembamba wa umeme, upitishe taratibu, kisha piga hewa ya kompresa, na uitazame tena juani. Hadi uione nukta ya mwanga ikiwa ya mviringo na safi, hujamaliza. Fanya hivyo kwa zote nne, hata kama ni moja tu iliyokuwa baridi, kwa sababu zimekaa na petroli ile ile kwa miaka ile ile.

Ukiwa umezitoa, bonyeza kwa vidole mipira minne inayounganisha kabureta na injini. Ikiwa imekuwa migumu kama kibuyu au ina nyufa, inaingiza hewa isiyopimwa, na dalili zake hufanana kabisa na za jeti iliyoziba. Baada ya kurudisha kila kitu, injini ikinguruma, nyunyizia maji kidogo sana kuzunguka kila mpira. Sauti ya injini ikibadilika pale unaponyunyizia, umepata mwanya. Wapo wanaolifanya jaribio hili kwa petroli. Mimi siliruhusu katika karakana yangu, na wewe usilifanye barazani kwa mama yako.

Sasa nirudi kwenye umeme, kwa sababu pikipiki iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari ina lake la kusema upande huo hata kama kabureta ndizo zenye hatia kubwa. Pima volti za betri, kisha pima volti zinazofika kwenye koili, swichi ikiwa imewashwa na kontakti zikiwa zimefunga. Tofauti ikizidi volti moja, umeme unapotea njiani, na mara nyingi unapotelea kwenye swichi ya kuzimia injini iliyoko usukanini, au kwenye viungio vya nyaya ndani ya taa ya mbele, ambako chumvi huingia na haitoki. Fungua, safisha, kaza. Safisha pia mahali waya wa kutua, ule unaorudisha umeme kwenye betri, unapofungwa kwenye fremu, kwani rangi na kutu haviruhusu umeme kupita. Kontakti zenyewe ziko chini ya kifuniko cha duara upande wa kulia wa injini. Nafasi yake iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ukizikuta zimechomeka, zisugue kwa tupa nyembamba na umalizie kwa kipande cha karatasi safi, si kwa msasa mkali unaoacha chembe katikati.

Yote haya yakishafanyika na silinda moja ikabaki baridi, hapo ndipo tunaweza kumsikiliza fundi wako, lakini kwa kipimo. Kwanza rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi: kwa CB750 ni milimita 0.05 kwa valvu ya kuingizia na 0.08 kwa valvu ya kutolea. Valvu iliyobana haikai kwenye kiti chake, na silinda yake huvuja ikaonekana kama imekufa, ilhali dawa yake ni spana na dakika kumi. Kisha azima geji ya kupimia mgandamizo, toa plagi zote nne, fungua akseleta hadi mwisho, na upime silinda moja baada ya nyingine. Zikiwa karibu sawa, pistoni zako hazina neno na mjadala wa kufungua injini umekwisha. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili katika tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, ni valvu au gasketi. Hata hapo utakuwa unalipia silinda unayoijua kwa ubovu unaoujua.

Mwisho wa kazi ni kuzisawazisha kabureta ili zote nne zivute kwa nguvu moja, na hili hufanywa baada ya valvu na kontakti kuwa sawa, si kabla. Geji nne za kupimia mvuto ni ghali, na si kila karakana inazo. Nami hutumia mpira mrefu unaopenya mwanga, nikaukunja kama herufi U juu ya ubao, nikatia oili hadi nusu, na kuunganisha ncha zake kwenye kabureta mbili kwa wakati mmoja. Oili ikipanda upande mmoja, upande huo unavuta zaidi. Rekebisha polepole hadi ikae usawa, kisha uhamie jozi nyingine, huku mkono ukiwa karibu na swichi, kwa kuwa ukikosea sana oili yote itanyonywa na injini. Pikipiki aina hii ilipoanza kuuzwa mwaka 1969, utulivu wa injini yake ya cc 736 ndio ulioshangaza watu, na utulivu huo hutoka kwenye kusawazisha huku zaidi ya mahali pengine popote. Niandikie namba ya silinda iliyobaki baridi; ningependa kujua.

SWALI: Bwana Fundi, nina pikipiki ya silinda nne ya miaka ya 1990, isiyo na kontakti bali ina mfumo wa moto wa kielektroniki. Kila nikiipeleka kuoshwa kwa mashine ya presha, inarudi ikigugumia, na mara nyingine inazima kabisa. Kesho yake inapona yenyewe. Je, kisanduku cha umeme kimeharibika? (Msomaji wa Watamu)

JIBU: Kisanduku kilichoharibika hakiponi kwa kulala usiku mmoja, ndugu yangu. Kinachopona kwa kulala ni maji yanayokauka. Katika injini nyingi za silinda nne, plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu kichwani mwa injini, na kila shimo lina kijitundu kidogo cha kutolea maji upande wa mbele au wa pembeni. Mchanga wa Watamu ni laini, na hauhitaji muda mrefu kukiziba kijitundu hicho. Baada ya hapo maji ya mashine hujaa kuizunguka plagi, na moto badala ya kuruka kwenye ncha hupita majini hadi kwenye chuma.

Subiri usiku, mahali penye giza, injini ikinguruma, na unyunyizie ukungu wa maji kuelekea kwenye nyaya na kofia za plagi huku mikono yako ikiwa mbali. Ukiona cheche za samawati zikitambaa juu ya kofia au kwenye waya, umeona kwa macho mahali moto unapotorokea, na kofia hiyo imepasuka. Kesho yake, injini ikiwa baridi, puliza hewa ndani ya mashimo kabla ya kutoa plagi, ili mchanga usiangukie ndani ya silinda. Hilo ni muhimu kuliko plagi yenyewe. Zibua vijitundu kwa waya laini, badilisha kofia zenye nyufa, na upake ndani ya kila kofia grisi ya silikoni isiyopitisha umeme. Kuanzia sasa ioshe kwa ndoo na kitambaa.

SWALI: Pikipiki yangu ya silinda nne huwaka vizuri, hutembea kama dakika kumi na tano, kisha hufifia silinda zote kwa pamoja na kuzima. Nikiiacha ipumzike kidogo huwaka tena. Petroli nainunua kwa mitungi. (Mokowe, Lamu)

JIBU: Silinda zote zinapofifia kwa pamoja, tafuta kitu ambacho zote zinakitegemea, na cha kwanza ni mfereji wa petroli. Siku itakapozima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo na usikilize. Ukisikia hewa ikinyonywa kuingia ndani, na pikipiki ikawaka bila kungoja, basi kijitundu cha hewa kilicho kwenye kifuniko kimeziba kwa chumvi au vumbi. Petroli haishuki mahali ambapo hewa haiingii. Kioshe kwa maji ya moto, ukikaushe, na ukirudishe.

Usiposikia kitu, chukua petroli ya mtungi, uimimine katika chupa nyeupe na uiache isimame kwa saa moja. Mitungi inayotumika pia kwenye mashua haikosi maji, na maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo utayaona yamekaa chini kama mstari. Harufu ya mafuta ya taa nayo usiipuuze: uchanganyaji ulikuwa umeenea hivi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Petroli ikiwa safi na haina maji, na kifuniko kikiwa sawa, pima koili zikiwa bado na joto, mara tu inapozima, kwa sababu koili yenye nyuzi zilizochoka hukatika ikipata moto na kuungana tena ikipoa. Lakini CB750 na ndugu zake wana koili mbili, na si kawaida zote mbili kuugua siku moja, kwa hiyo mimi ningekaa na kifuniko cha tangi kwanza.